Ramani ya Nyumba Sita

Mimi sijui kusema mambo kwa kuzunguka, kwa hiyo nianze na kosa la mume wangu. Telesfori alichora ramani ya nyota, akaandika juu yake majina ya majirani. Mtu mzima, fundi wa maabara ya hospitali, anayejua kutofautisha kijidudu cha malaria na uchafu wa kioo, lakini ubaya wa kuchora nyumba za watu wakati wa vita hakuuona. Nilikuja kumwambia kwamba Mungu alimpa macho ya mbali akasahau kumpa ya karibu. Hakucheka, na sikutegemea acheke.

Ilikuwa Novemba ya mwaka sabini na nane. Majeshi ya nduli yalikuwa yamevuka mpaka, daraja la Kyaka limevunjwa, na sisi huku Karagwe tulilala na viatu miguuni, wale tuliokuwa na viatu. Amri ilitoka kwamba jua likizama asionekane mtu na taa wala moto. Senene, wale panzi wetu wa kula, walishuka kwa wingi mwaka ule, kama vile hawana habari ya vita, lakini nani angethubutu kuwawashia karabai? Wanawake tulitoka alfajiri gizani, tukawaokota kwenye nyasi kwa kupapasa.

Sisi tulikuja kutoka Rwanda mwaka wa sitini, Verdiana wangu akiwa mgongoni. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulikuwa nalo miaka kumi na minane, tulikuwa na kibanja chetu cha migomba na kahawa, Verdiana alishaolewa Nyakakika, na bado vita vilipoanza watu walianza kunisalimia wakiwa wanatembea. Zamani walisimama. Mtu akikusalimia huku anatembea, ujue kuna jambo.

Sasa hiyo ramani. Hospitalini alikuwepo Mswidi mmoja, Daktari Holm, mpole, mrefu, aliyekula matoke kwa kijiko kama uji. Alipenda nyota kuliko usingizi. Mwaka wa sabini na tano alipoondoka kurudi kwao alimwachia Telesfori darubini yake: bomba la bati jeupe, nene kama ndoo, lenye kufika kifuani mwangu likisimamishwa, na kioo kikubwa chini ndani yake. Alimwachia kwa sababu alimwona jinsi anavyofanya kazi kwenye hadubini. Alisema jicho lile halidanganyi.

Na kwa kweli lilikuwa jicho, si macho. La kushoto lilizimwa na surua utotoni. Kazi yote ya maabara, kusoma, kuchagua buni, aliifanya kwa jicho la kulia peke yake.

Kazi aliyoachiwa ilikuwa moja. Mbali sana, alivyonieleza, mbali kuliko nyota zote hizi tunazoziona, kuna miji ya nyota. Wao huiita galaksi. Kila mji una nyota nyingi kuliko mbegu za ulezi katika maghala yote ya Karagwe. Na katika moyo wa baadhi ya miji hiyo kuna kitu kinachowaka ghafla, kinang'aa kuliko nyota zote za mji ule zikijumlishwa, halafu kinafifia, na hakuna ajuaye kwa nini. Wapo wanaosema ni shimo linalomeza nyota. Lakini hilo shimo hakuna aliyeliona. Daktari alitaka mtu wa huku, kwenye anga safi, autazame moyo mmoja tu, kila alfajiri isiyo na mawingu, aandike umewaka kiasi gani, na kila mwezi atume barua.

Kiasi hicho hupimwaje? Kwa majirani. Unaangalia ile nukta, unaangalia nyota zilizoizunguka, unasema: imeizidi hii, haijaifikia ile. Basi. Daktari alikuwa ameacha ramani yenye namba na herufi za Kigiriki, lakini Telesfori gizani zilimchanganya. Na sisi huku tunamwelekezaje mtu njia? Hatuna mitaa. Tunamwambia pita kwa Elpidius, ukifika kwa Kokuberwa teremka, ukiona bati linang'aa hapo ndipo kwa Apolinary. Ndivyo alivyofanya na mbingu. Nyota iliyong'aa kupita zote akaiita kwa Apolinary, maana Apolinary peke yake kilimani kwetu ndiye aliyeezeka kwa bati. Nyingine akaiita kwa Elpidius, nyingine kwa Kokuberwa, kwa Joviana, kwa Felicitas. Ile dhaifu kabisa akaiita kwetu. Katikati akatia nukta kwa wino mwekundu, akaandika Moyo.

Miaka mitatu tuliishi hivyo. Yeye akitazama, mimi nikiandika daftarini, maana mkono wake gizani ulikuwa kama wa kuku. Alikuwa akisema, "Leo umezidi kwetu, haujafika kwa Joviana," nami naandika nikipiga miayo. Siku nyingine aliniachia nichungulie. Niliona vumbi la mwanga, basi, nikarudi jikoni.

Oktoba ikaja barua ya Daktari. Moyo umeanza kuamka, aliandika. Usiuache hata asubuhi moja. Wiki mbili baadaye ndege zikaipiga Bukoba.

Nilimwambia aache. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamnunia. Alinijibu kwamba mwanga ule ulitoka kwao kabla ya binadamu yeyote kuwako duniani, umesafiri muda wote huo, halafu ufike kwetu umkute amejifunika blanketi? Nilimwambia mwanga hautakamatwa na mgambo, yeye atakamatwa. Akafunga kitambaa chekundu kwenye tochi ili isionekane. Ndivyo alivyofikiri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu siku ile nilikuwa mimi.

Elpidius, balozi wetu wa nyumba kumi, alitoka nje alfajiri kwa haja zake akaona taa nyekundu ikiwaka na kuzimika uani kwetu. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwa Apolinary, kamanda wa mgambo.

Walikuja watu saba. Telesfori alikuwa bado ameinamia bomba. Apolinary hakuuliza neno. Alimgeuza kwa bega akampiga usoni kwa kitako cha bunduki, mara moja tu, nami nikasikia sauti ambayo sitaki kuieleza. Mume wangu alianguka ameshika jicho la kulia. Wakachukua bomba wakisema ni mzinga, wakachukua ramani na daftari, wakamfunga mikono, wakampeleka kwenye ghala la kahawa la chama cha ushirika ambako mgambo walikuwa wanalala na kuweka bunduki zao.

Mimi na Apolinary hatukuwa watu wa kupita njia tu. Mkewe Kokuhirwa alimzaa Deodatha kwenye mkeka wangu, mvua ikinyesha, mimi ndiye niliyemkata mtoto kitovu. Nilipofika ghalani kumekucha nilimkuta mlangoni na bunduki, nikampa heshima yake mbele za watu, nikamwita baba Deodatha, nikamwomba anisikilize. Alikubali. Watu walikuwa wamejaa, hata wale wasionisalimia wakisimama, siku hiyo walisimama.

Nilieleza yote. Daktari, galaksi, moyo, majirani. Nilipoona nyuso zimeganda, nikashika lililo jepesi. Niliwaambia waitazame ramani vizuri. Kwa Kokuberwa kumewekwa upande huu, na sote tunajua Kokuberwa anakaa upande ule, ng'ambo ya kijito. Kwa Felicitas kuko juu, na Felicitas yuko bondeni. Kama hii ni ramani ya kumpa adui, hilo bomu lake litaangukia kwenye tope la mafunjo likaue vyura. Watu wakaanza kunong'ona, mmoja akacheka, na Apolinary mwenyewe akakuna kidevu. Nilidhani nimeshinda.

Elpidius akaichukua karatasi, akaigeuza juu chini.

Ilikaa sawasawa. Kila nyumba mahali pake. Kile kioo cha darubini kinapindua kila kitu, na Telesfori alikuwa ameona jinsi nyota zile zikigeuzwa zinavyofanana na kilima chetu, ndiyo maana majina yale yalimjia. Mimi sikulijua hilo. Na ile nukta nyekundu, Moyo, ilikuwa imekaa palepale tulipokuwa tumesimama, juu ya ghala.

Halafu wakasoma daftari. Mwandiko wangu huo. "Moyo umezidi kwa Joviana. Bado kidogo ufike kwa Elpidius." Elpidius akakaa chini. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na hakuna aliyemnyamazisha.

Apolinary alitangaza kwamba taarifa imeshapelekwa: mshukiwa mmoja, pamoja na karatasi zake. Lori la kukusanya washukiwa litapita kesho saa moja asubuhi. Hilo lori tulilijua. Wiki moja kabla lilimchukua Polikarpi wa kilima cha pili, Mnyarwanda mwenzetu, kwa sababu ya redio yake. Mkewe alikuwa bado anampelekea chakula barabarani, anakaa mpaka jioni, anarudi nacho. Mungu wangu, nilijiona mimi huyo na kikapu.

Nilikwenda kwa Kokuhirwa, mke wa Apolinary. Nilimkuta anamenya ndizi, na aliponiona hakuacha kumenya. Aliniambia hawezi kuingilia vita vya wanaume. Nilimwambia mimi sijaja kwenye vita, nimekuja kuulizia mkeka wangu. Nilimwambia kwamba usiku ule alipokuwa anakufa na mtoto tumboni, mumewe akiwa kwenye pombe ya rubisi, sikumwuliza anatoka nchi gani. Alimenya ndizi mpaka zikaisha, kisha akaosha mikono, akaingia ndani akafunga mlango. Nilirudi nyumbani nikiwa nimemchukia kwa roho yangu yote.

Lakini jua lilipoanza kushuka Apolinary akaja uani kwangu. Hakukaa. Alisema Kokuhirwa amemkumbusha habari ya mkeka, na kwamba kabla ya lori, alfajiri, atamtoa Telesfori na bomba lake hapo mbele ya ghala. Mara moja tu.

"Nikiziona nyumba hizo sita huko juu, nitaamini," alisema. "Nisipoziona, Mama Verdiana, lori lina nafasi ya watu wawili."

Nikamwambia sawa. Ningesema nini tena?

Jioni hiyo mvua ilianza. Si manyunyu. Mvua ya Novemba yenyewe, inayopiga migomba kama mtu mwenye kisasi. Nilikaa jikoni nikiisikiliza, nikasali rozari yote, nikaanza tena. Nilimwambia Bikira Maria mambo ambayo mtu mwenye adabu hamwambii. Ilinyesha, ilinyesha, na majogoo wa kwanza wakawika ndani ya mvua. Ilipokaribia saa kumi ikakatika ghafla. Nilitoka nje. Juu kulikuwa na mawingu mazito, lakini upande wa mashariki palikuwa na mpasuko, na katika mpasuko nyota tatu. Nilikimbia na kanga imelowa mpaka magotini.

Walimleta. Nilimjua kwa mwendo tu, maana uso haukuwa wake. Jicho la kulia lilikuwa limevimba likafunga kabisa, ngozi imekuwa nyeusi na inang'aa. Nilimshika kidevu nikajaribu kuzifungua kope kwa vidole, akanizuia kwa upole. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hata akilifungua hakuna kitu mle, ni ukungu mwekundu tu.

Basi nikaelewa kwamba atakayetazama ni mimi.

Elpidius alisimamisha bomba juu ya kigogo chake cha kuegemea. Telesfori alikaa chini kwenye tope, mikono imefungwa nyuma, akaanza kunielekeza kwa maneno, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda Kanoni. Tafuta Kigoda, alisema, nyota nne zilizokaa kama kigoda. Nikakiona, mguu mmoja umefunikwa na wingu. Sasa panda juu, viganja viwili, mkono umenyooshwa. Kuna nyota mbili zinazolingana. Katikati yake. Sasa chungulia.

Nikachungulia. Maji tu, kioo kimepiga umande. Nikakifuta kwa pindo la kanga. Nikachungulia tena, nikaona vumbi la nyota nisizozijua. Nikasogeza bomba kwa upana wa unywele, nikapotea, nikaanza upya kutoka Kigoda. Nilisikia wingu likija, kweli nilisikia, upepo ulibadilika. Upande wa mashariki weusi ulishaanza kuwa kijivu. Apolinary alikuwa nyuma yangu, pumzi yake niliihisi shingoni.

Kisha nikaiona kwa Felicitas. Niliijua kwa jinsi inavyoegemea kwa Joviana, kama Felicitas mwenyewe anavyomwegemea Joviana kanisani. Kutoka hapo nikaenda kwa Kokuberwa. Kwa Elpidius. Nikafika kwa Apolinary. Lakini katikati palikuwa na taa. Si nukta ya vumbi kama ile niliyoizoea. Taa, inang'aa imetulia, na nyota zote zile sita zimekuwa ndogo mbele yake. Nilidhani nimepotea, nimeingia kilima cha watu wengine, na muda umekwisha.

"Nimepotea, Baba Verdiana," nilisema. "Kuna moja hapa katikati inawaka kuliko zote."

Akauliza, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Inazidi kwa Apolinary?"

"Inazidi mbali."

Mume wangu akaanza kulia. Alilia kwa lile jicho bovu la kushoto, kwa maana la kulia halikuweza. "Hujapotea," aliniambia. "Umefika. Ndiyo yenyewe."

Miaka mitatu alikuwa ameingoja, na ilipokuja alikuwa amekaa kwenye tope hatua mbili tu kutoka kwenye bomba, haoni.

Nilisogea, Apolinary akainama. Alikaa muda. Alisema haoni kitu, ni giza tu. Nikamwambia afumbe jicho jingine. Akasema bado. Wingu lilikuwa limeshakula Kigoda chote. Nikamshika kichwa, kamanda wa mgambo na bunduki yake, nikamshika kichwa kama mtoto anayenyolewa, nikamwambia asiitazame nukta yenyewe, aangalie pembeni kidogo, nyota dhaifu hujificha ukizikodolea macho. Nikamwambia atafute kwanza taa ya katikati, halafu kushoto kwake kidogo atafute bati lake.

Nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anahesabu nyumba. Kwangu, alisema. Kwa Elpidius. Kokuberwa yule. Alikwenda moja moja, akaja ya mwisho akasema polepole, "Na kwenu ni kadogo sana." Akaendelea kutazama hata baada ya wingu kufunga. Nilijua limefunga kwa sababu mvua iliniangukia usoni naye bado ameinama.

Aliposimama hakututazama. Aliingia ghalani akatoka na daftari na ramani. Alisema yeye ameona, lakini watu wa lori hawatachungulia bomba. Wataona majina na nukta nyekundu. Karatasi zikiwepo, mtu ataondoka nazo. Zisipokuwepo, yeye atajua la kusema.

Mgambo walikuwa wamewasha moto wa uji ndani. Telesfori aliomba jambo moja, niandike kwanza ya leo. Hapakuwa na kalamu. Basi akanitajia tarehe na saa, nikazishika kichwani, nikaingia ndani nikalitia daftari motoni kwa mkono wangu mwenyewe. Miaka mitatu ya kupiga miayo. Liliungua polepole kwa sababu lilikuwa na unyevu, ikabidi nilichane ukurasa mmoja mmoja. Ramani iliungua haraka.

Lori lilifika saa moja kasorobo. Apolinary aliwaambia kwamba taarifa ilikosewa, karatasi hakuna, kwamba ile taa nyekundu ilikuwa ya mwanamke mpumbavu aliyekuwa anaokota senene, na mwenye mke ameshaadhibiwa. Walimtazama Telesfori usoni wakaridhika. Mmoja wao hata alinikemea kwa ajili ya tamaa yangu ya senene, nami nikasema nisamehe, baba. Bomba lilikuwa chini ya magunia ya kahawa.

Jicho halikurudi. Hospitalini walijitahidi, lakini kilichobaki kilimtosha kuuona mgomba, si jani lake. Hadubini akapewa mtu mwingine. Mume wangu, mtu wa maabara, alianza kukaa uani akichambua maharage kwa vidole. Niseme ukweli, nilimchukia Apolinary. Watu waliniambia alituokoa. Nami niliwaambia ndiyo, alituokoa na moto aliouwasha yeye. Alikuwa akituletea mkungu wa ndizi kila Jumamosi, anauacha kwenye mlango wa ua, na mimi niliwalisha mbuzi.

Vita vilikwisha, posta ikafunguka, na mwaka uliofuata, msimu wa senene ukikaribia tena, ikaja barua ya Daktari Holm. Nilimsomea Telesfori. Aliandika kwamba Novemba nzima huko kwao ilikuwa theluji na mawingu. Waamerika waliukuta Moyo umeshaanza kufifia. Hakuna mtu duniani, aliandika, aliyeuona kileleni, labda wewe. Nitumie daftari, na usiache kutazama, wanasema huenda utaamka tena.

Telesfori aliniambia nimjibu kwamba daftari halipo, na jicho halipo, na bomba amtafutie mtu mwingine. Alisema hivyo huku anachambua maharage, hakuinua uso. Ile ndiyo saa niliyomhurumia kuliko alfajiri ile kwenye tope.

Niliichukua barua nikaenda kwa Apolinary. Nilimkuta amekaa na Kokuhirwa, wanakula. Walinikaribisha, nikakataa kukaa. Nilimsomea barua yote, mpaka sahihi. Kisha nikamwambia kwamba ndizi zake wamezila mbuzi, tangu ya kwanza hadi ya mwisho.

"Jicho ulilichukua wewe," nilimwambia. "Basi leta jicho."

Kokuhirwa alisita na tonge mkononi. Apolinary alitazama sahani yake. Sikungoja jibu, niliondoka.

Mawingu yalikaa siku nne. Ya tano ilikucha safi. Nilikuwa nimesimamisha bomba mwenyewe, kwa hasira tu, nikasikia hatua kwenye njia ya migomba. Alikuja bila bunduki, amevaa koti la kanisani, na akasimama kwenye mlango wa ua mpaka nilipomwambia apite. Akamwamkia Telesfori, ingawa walikuwa marika na hakuwa na sababu ya kumwamkia. Alisema shikamoo. Telesfori akaitikia.

Nilikuwa na daftari jipya. Mstari wa kwanza nilikuwa nimeshauandika: ile tarehe ya Novemba, ile saa, na maneno, Moyo umezidi mbali kwa Apolinary. Chini yake niliandika jina langu, nikaacha nafasi. Nilimpa kalamu. Aliusoma mstari ule mara mbili kwenye tochi yangu nyekundu, akaandika jina lake kwenye nafasi ile.

Halafu akainamia bomba. Alihangaika. Alisema ni nyingi mno, hajui aanzie wapi.

Telesfori alikuwa kwenye kigoda chake, kiganja amekiweka juu ya bati baridi la bomba, uso ameuelekeza juu mahali asipopaona.

"Anzia kwako," alimwambia.